Birika la Mzee Bado

Uongozi wa studio, kwa masikitiko makubwa na baada ya kutafakari kwa kina, unawatangazia wafanyakazi wote kwamba birika la umeme la jikoni, lile lenye kifuniko kilichofungwa kwa waya, halionekani. Mara ya mwisho lilionekana Ijumaa alasiri, likiwa na afya njema. Hakuna anayeshukiwa. Hadi mtakapotangaziwa vinginevyo, maji ya chai yataazimwa kwa majirani zetu wa duka la miwani, ambao tunawashukuru kwa moyo wao na tunawaomba wasichoke.

Habari nyingine, ndogo kidogo, ni kwamba siku hiyohiyo, tarehe thelathini Juni, mchanganyaji wetu mkuu wa sauti alistaafu baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka thelathini na mmoja.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Bado. Jina hilo alibatizwa na waimbaji, kwa sababu kila walipochungulia mlangoni kuuliza kama wimbo wao umekwisha, aliwajibu neno hilo moja bila kugeuza shingo. Wapo walioamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mmoja alimshukuru redioni, kwa heshima zote, kama Bwana Bado, na mwenyewe aliposikia akasema afadhali, angeweza kuitwa Bwana Haiwezekani.

Alianza hapa kwa kukunja nyaya. Alizikunja vizuri mno, kiasi kwamba mimi, niliyekuja miaka mingi baadaye kufunga maikrofoni, nilikabidhiwa kazi hiyo kwa maneno ya kutisha: usituharibie urithi wa mzee. Nimeuharibu. Nyaya zangu hufanana na tambi, na yeye alikuwa akizipitia asubuhi, anazikunja upya, halafu ananipongeza kwa kazi nzuri. Huo ndio ulikuwa utani wake: aliutia kimyakimya, ukakuwasha baadaye.

Kwa ajili ya wenzetu wa ofisini, ambao bado mnadhani kazi yetu ni kubonyeza vitufe na kunywa chai, nieleze kidogo alichokuwa akifanya. Mwimbaji akishaimba huenda zake nyumbani. Sauti yake hubaki na Mzee Bado. Yeye ndiye huipunguza pale ilipopiga kelele na kuinyanyua pale iliponong'ona. Huichonga ile s inayochoma masikio, huipa mwangwi kiasi, kisha huitafutia kiti katikati ya vyombo, mahali ambapo ngoma haitaikalia mapajani. Ikikaa sawasawa, hakuna anayejua kwamba kuna mtu aliikalisha. Ikikaa vibaya, hata jirani wa duka la miwani anajua.

Alikuwa na misimamo yake. Kijana mmoja alimwomba amtie mwangwi mwingi, asikike kama yuko pangoni. Mzee akamuuliza, "Pangoni unafanya nini, mwanangu? Toka kwanza tukusikie." Mwingine alitaka ile mashine ya kunyoosha sauti iliyopotoka iwashwe mpaka mwisho. Ikawashwa. Akasikilizishwa. Alitoka anafanana na lifti inayotangaza ghorofa, akaomba mwenyewe arudishiwe makosa yake. Na pumzi za waimbaji, zile wanazozivuta kati ya mstari na mstari, wenzake wengi huzikata ili wimbo uwe safi. Yeye alikataa katakata. Alisema ukimkata mtu pumzi huyo humrekodi, unamzika.

Lakini msimamo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa birika.

Kila alipodhani wimbo unakaribia, aliuanzisha, akaacha mlango wazi, akaenda jikoni na kuwasha birika. Kisha alisimama pale, mikono nyuma, akisubiri lianze kuunguruma. Kama maneno ya mwimbaji yalisikika juu ya mngurumo ule, wimbo umeiva. Kama hayakusikika, alirudi kwenye kiti chake. Sababu zake zilikuwa za maana: watu hawasikilizi nyimbo kwenye chumba chenye sifongo ukutani, husikiliza huku wakikaanga vitunguu, wakigombana na watoto, wakipiga pasi. Sauti isiyoshinda birika, alisema, haitashinda nyumba ya mtu.

Tulilicheka birika lile mpaka lilipopelekwa kwa fundi na uongozi ukatununulia jipya la muda, la kisasa, lililochemsha maji kimya kama paka anayevuka sebule. Mzee akaendelea kupima kama kawaida, nasi hatukushtuka. Nyimbo zote za kipindi kile zilitoka na sauti zilizozama. Bwana harusi mmoja alikuja na wimbo aliotungiwa mkewe, akatuomba tumwoneshe mahali mke alipotajwa. Tulisikiliza sote, tumeinamia spika. Mke alikuwamo, ila alikuwa chini ya gitaa. Birika la zamani lilirudishwa siku ileile, na tangu hapo hakuna aliyelicheka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila aliyekaa hapa zaidi ya mwezi mmoja analijua, ingawa tulilisema kwa sauti ya chini. Mzee Bado amemaliza nyimbo za watu wasiohesabika. Mmoja tu alishindwa kuumaliza, na ni wa mkewe.

Shemeji aliuimba hapahapa, zamani, kwenye chumba kile kidogo cha kuimbia. Siku hiyo hawakuwa na wa kumwachia mtoto, basi alimbeba mgongoni, na mtoto akalala. Shemeji akaimba kwa upole asimwamshe. Ni wimbo wa kawaida, wa mama anayehesabu vitu atakavyomwonesha mwanawe akikua. Miaka michache baadaye shemeji alifanyiwa upasuaji wa koo. Akapona, tunashukuru, na kwa kuongea hana mpinzani, muulizeni mumewe. Lakini sauti ya kuimba haikurudi. Ule ndio wimbo pekee wenye sauti yake.

Mnaona shida ilipokuwa. Sauti iliyoimbwa ili isimwamshe mtoto haiwezi kushinda birika. Ili ishinde, mzee alilazimika kuibana, kuing'arisha, kuisukuma mbele, na akishafanya hivyo, ilisikika vizuri sana jikoni, ila haikuwa ya mkewe tena. Akaifumua. Akaanza upya. Mwaka kwa mwaka alikuwa na toleo jipya, na mwaka kwa mwaka shemeji akimpitia kazini alimuuliza, "Baba, wimbo wangu?" Naye alimjibu lile neno. Shemeji akacheka, akatugeukia: "Mnaona? Nimeolewa na foleni."

Mwaka huu kicheko hicho kilipungua. Mashine ya mzee nayo inastaafu. Mitambo mipya inafungwa, na kazi ambazo hazijakamilika kwenye ule wa zamani hazihamishiki zikabaki kama alivyozipanga. Wiki za mwisho alikula chakula cha mchana mbele ya mashine, na sisi tulipita kwenye korido kwa ncha za vidole. Mngurumo wa birika ulisikika asubuhi na jioni. Kila ulipokoma, tulisikia kiti chake kikirudi mezani.

Kwa niaba ya wenzangu, Mzee, asante. Asante kwa waimbaji waliosikika kwa sababu ulikataa kuwaharakisha. Asante kwa pumzi zote ulizotuachia. Asante kwa kuzikunja nyaya zangu na kunidanganya kwamba nimezikunja mimi. Lala mchana, bila kuweka saa. Watu wakikuuliza lini utafanya hili na lile, unajua cha kuwajibu. Tunakuombea uzee wenye kelele za wajukuu na chai ya moto, na mwenzako karibu.

Imebaki habari ya birika. Nimesikia korido zima linavyosema: kwamba uongozi umelificha kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba fundi umeme kalichukua, kwamba lilikufa kwa huzuni. Mimi nilikuwepo, basi niseme lilivyokuwa.

Ijumaa ile alasiri shemeji alikuja kumchukua mumewe, amevaa gauni la kutokea, na mkoba mkubwa begani. Alimkuta amekaa, mikono mapajani. Mzee akamwambia ameondoa kila kitu: mbano, mwangwi, mng'ao wote. Amerudisha na vile vitu alivyovisafisha zamani. Amebakiza ilivyokuwa siku ile. "Lakini haitoshi, mama. Haifiki jikoni." Kisha, kwa mazoea, akauanzisha wimbo, akaacha mlango wazi, akaenda kuwasha birika, akasimama, mikono nyuma. Mimi nilikuwa hapohapo nasuuza kikombe.

Birika likaanza kuunguruma, na sauti ikapotea, kama ilivyopotea miaka yote. Mzee akatikisa kichwa. Shemeji alikuja nyuma yake polepole, akanyoosha mkono, akachomoa waya ukutani.

Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukaisha. Na kutoka chumbani ikaja sauti ya mwanamke kijana, ndogo, ya karibu, kila neno mahali pake. Kwenye ubeti wa pili mtoto alipiga chafya mgongoni kwake, na mwimbaji akacheka katikati ya neno, akaliokota, akaendelea. Mzee alikuwa ameikata chafya ile, na kicheko chake, kwa ajili ya usafi. Mtoto mwenyewe sasa ni muuguzi na ana watoto wake.

Walisikiliza mpaka mwisho, wamesimama jikoni, maji yakiwa vuguvugu. Shemeji akauliza, "Bado?"

Mzee akasema, "Tayari."

Akaenda akauhifadhi, akazima mashine. Shemeji akamwaga maji kwenye sinki, akalifuta birika kwa kitambaa, akalitia kwenye mkoba, akanitazama kama ananiuliza nina la kusema. Niliwafungulia mlango, nao wakaondoka.