Esnath Anatafuta Mwanamume wa Kufua

Ukungu ulikuwa bado umeukalia mji wa Tukuyu, lakini benchi la kahawa la Hamis, karibu na stendi, lilishajaa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yakafurika sabuni za kila rangi, kila moja na tangazo lake. Meshaki, fundi saa, alikaa pembeni akipuliza kikombe. Jana yake gari la kampuni ya matangazo lilikuwa limeingia kutoka Dar, na ndani yake alikuwemo binti yake, Esnath, pamoja na mwanamume mmoja wa kofia. Walikula ndizi, wakacheka hadi usingizi ukawachukua. Kazi yake hasa ni ipi, Meshaki aliona haya kumuuliza.

— Yule wa kofia ndiye bosi, alisema Muddy, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari zote zilianzia kwake. Binti ni wa kushika sabuni na kutabasamu.

— Ndo kazi yao, alisema Lazaro, mkulima wa chai wa Kyimo, waliyemwita Jaji. Mwanamke kainamia beseni, mume anaingia na gazeti, anasifia shati. Basi.

— Siyo basi, Jaji. Wanambandika kwenye bango kubwa pale Mbeya, madereva wanakodoa macho, malori yanaingia mtaroni.

— Serikali inakopa nje kununua malori mengine, aliongeza Jaji.

— Shilingi inashuka, alimalizia Redio. Nyie mnalaumu soko huria bure.

Hamis alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Meshaki hakucheka. Maneno ya namna hiyo alikuwa akiyasikia tangu Esnath aondoke kwenda Dar, na jibu lake lilikuwa lile lile.

— Mwanangu anafanya kazi ya ofisini.

— Ofisi yenye beseni, alisema Redio.

Ndipo Esnath akatokeza, kavaa suruali na koti la mvua. Nyuma yake yule wa kofia alikuwa amebeba kamera, na kwapani beseni lenye shati jeupe na sabuni.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa.

— Esnath, beseni niliweke wapi? aliuliza wa kofia.

— Hapo penye mwanga. Usipige mpaka nikwambie.

Jaji akamtazama Redio. Redio akatazama kahawa yake.

Esnath akawaeleza. Kampuni ilimwajiri apokee simu; sasa yeye ndiye anayetunga matangazo. Katika hili la sabuni, anayefua ni baba, na shati ni la shule, la mwanawe. Wakubwa wake walikataa, wakasema mwanamume wa hivyo hayupo nchi hii. Akawaambia wampe gari aende kwao Tukuyu akamtafute.

— Naomba kuuliza. Nani hapa anajua kufua shati jeupe likatakata?

Jaji alikohoa. Hamis akapata shughuli na birika.

Meshaki akainamia kikombe chake. Mama yake Esnath alipofariki, yeye ndiye aliyefua mashati ya shule ya binti yake, alfajiri, nyuma ya migomba, majirani wasimwone. Alidhani hata mtoto hakujua.

— Kumbe ulikuwa unaniona, alisema polepole.

— Kila siku, baba.

Akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati lake, akachuchumaa kwenye beseni, Hamis akamjazia maji, mbele ya stendi nzima. Watu wakaanza kusogea. Redio akasimama, akawatangazia:

— Huyo bosi ni mtoto wa hapa Tukuyu.

— Ni mtoto wangu, alisema Meshaki, povu likimfika viwikoni.

Esnath akamgeukia wa kofia.

— Sasa piga.