Alfani Dzombo Hakukimbia

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, wazee wetu, mabibi na mabwana: assalamu alaykum.

KARIBU

Sisi wakazi wa Kidzumbani, karibu na Jego, tunashukuru kwamba katika mwaka huu wa pili wa uhuru umekuja kutufungulia zahanati. Risala tuliyoiandika kwanza ilisema kuwa wazee wetu walipigana bega kwa bega na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, katika vita vya Mjerumani. Tumeichana. Kweli ni hii.

HISTORIA

Asubuhi moja ya mwaka 1915, askari arobaini wa Keya walikuwa wameshika kivuko cha mto wetu, na Mjerumani akawajia na watu zaidi ya mia nne. Kufikia saa nne risasi zilikuwa zinakwisha. Sajini akamtuma Alfani Dzombo, askari mzaliwa wa hapa hapa, aje atafute watu sita wa kubeba masanduku ya risasi yaliyoshushwa pwani.

Alfani alikuja akiamini anakuja kwao. Akabisha hodi nyumba ya kwanza, ya pili, hata ya kumi na moja.

"Nipeni watu sita tu! Wenzangu wanakufa!"

Katika mlango wa mwisho sauti ya mwanamume ikamjibu, "Wanaume hawapo. Wamekwenda Vanga."

Nyuma ya mlango ule alisikia watu wakihema. Aibu ikamshika yeye badala yao, akaondoka.

Alijitwika sanduku moja peke yake. Alipofika kivukoni, milio ilikuwa imekoma. Wenzake waliosalia walikuwa wakivushwa ng'ambo kama mateka, mikono kichwani. Alfani akaketi kichakani juu ya sanduku lake, akalia.

Aliporudi hai, tulisema amekimbia. Ilikuwa rahisi kuliko kusema tulijificha. Tukamwita Alfani Mbio. Alipoposa, alikataliwa mara tatu.

MAENDELEO

Tumejenga vyumba viwili vya zahanati kwa mikono yetu. Zaidi ya hapo, leo hatuna la kujisifia.

MATATIZO

Kamati ya kijiji ilipokuwa ikiisoma ile risala ya kwanza, Mzee Suleiman Rai alisimama.

"Ile sauti ya mlangoni ilikuwa yangu," akasema. "Siwezi kwenda nayo kaburini."

Tukaenda sote kwa Mzee Alfani kumwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekwisha kuzoea," akasema. "Lakini mama yangu alikufa akiamini amezaa mwoga. Yeye mtamwombaje radhi?"

Tukarudi, tukaichana risala ile.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikusudia kuomba barabara na jiwe la ukumbusho. Barabara bado tunaiomba. Jiwe, likija, liandikwe majina ya waliokuwa kivukoni; jina la kijiji chetu lisiwemo.

Kiti kilicho kando yako tulimwekea Mzee Alfani. Amekataa kukikalia. Ndiye yule aliyesimama nje ya ua, mwenye kofia nyeupe na bakora. Sisi hatuna tena uso wa kumwita. Tunakuomba wewe, kabla hujakata utepe, uende ukampe shikamoo mbele yetu sote.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala kivukoni, akufikishe nyumbani salama, na sisi atusitiri pale tusipostahili.

Ni sisi,
Wakazi wa Kidzumbani

Imesomwa na Chiku, binti wa Mzee Suleiman Rai