Bwana Kwangu na Kitufe cha Zahanati

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Bwana Kwangu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974, mtoto wa tatu wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la saa. Alikuwa mtundu, jamani. Akiwa na miaka saba aliifungua saa ya ukutani ya mteja ili aone "inajuaje", na baba akamkalisha pembeni yake hadi ilipolia tena. Dada yake mkubwa, anayewasomea haya, ndiye aliyechapwa kwa kutomchunga, na hajasahau.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, akamaliza sekondari mwaka 1993, kisha akapata stashahada ya kompyuta mwaka 1997.

Mwaka 1999 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za zahanati kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kazi yake ilikuwa vile vitu ambavyo karani huvigusa kwenye ukurasa: vitufe, kalenda, visanduku vya kuandikia. Ugumu ni kwamba programu hizo hukaa ndani ya seva, yaani programu mama inayoziendesha, na kila zahanati ina seva yake. Kitufe kinachoitika kwenye seva moja hugoma kwenye nyingine.

Mwaka 2003 muuguzi wa mapokezi alimpigia simu. "Fundi, kitufe chako cha kusajili kimekufa."

Akajibu kwa maringo, "Mbona kwangu kinafanya kazi?"

"Ahaa! Basi wagonjwa niwalete kwako?"

Kesho yake alifunga safari, akakuta foleni imetoka mlangoni hadi barabarani, na mama mmoja ameketi chini na mtoto anayechemka homa. Aliona aibu sana. Alikirekebisha kitufe palepale, na tangu hapo hakuamini kazi yake mpaka aijaribu kwenye kompyuta alizozipanga mezani, kila moja na seva ya aina yake, mpya na kuukuu. Muuguzi akambandika jina Bwana Kwangu. Wawili hao walifunga ndoa tarehe 18 Juni 2005, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wakati huohuo kampuni ilitangaza kurasa mpya ambazo zingefanya kazi kwenye seva mpya tu. Zahanati ndogo, ikiwemo ya mkewe, zingerudi kwenye makaratasi. "Wahame tu," alisema meneja. Marehemu alikuja juu: "Wahamie wapi? Kwani mgonjwa anachagua seva kwanza ndipo aumwe?"

Alizihamishia kompyuta zake chumbani, kando ya kitanda. Maumivu yalikuwa makali, na mkewe alimsihi apumzike. "Nikiacha, foleni itarudi mlangoni kwako," alimjibu. Mwishoni mwa Septemba alituma kurasa zinazokubali hata seva kuukuu. Meneja alisema wataziangalia. Kila siku marehemu aliuliza kama wamejibu, na kila siku jibu likawa bado.

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 2022, katika zahanati ya mkewe. Karani alipofungua kompyuta ili asajili kifo chake, alikuta ukurasa mgeni. Kampuni ilikuwa imekubali, na kazi ya marehemu ilikuwa imewekwa siku iliyotangulia, kwenye seva ileile ya zamani. Mjane alisimama nyuma ya kiti cha karani, akishindwa kuangalia. Karani akabonyeza mara moja. Kitufe kikaitika.

"Kwetu kinafanya kazi," mjane alisema, akaangua kilio.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, kaka mmoja, na dada anayesoma haya, ambaye ile habari ya saa ameisamehe. Mungu ampe pumziko la amani. Lala, Bwana Kwangu. Foleni inasogea.