Harusi za Bi Tahiya Hazienei

Baraza lile la mtaa wa Kiponda, mjini Unguja, chini ya dirisha la Haroub, halina mwenyewe wala halina utulivu. Alasiri watu wakishatoka msikitini, Abdulla hutua dele lake la kahawa pembeni, na wenye kikao wanajisogeza mmoja mmoja. Yupo Kificho, karani mstaafu wa bandarini, wanayemwita Meya kwa sababu hakuna jambo la mtaa linalopita bila yeye kulitolea hukumu. Yupo Mansour, waliyembandika jina la Injinia tangu siku alipotengeneza feni ya msikiti ikazunguka siku mbili. Na yupo Haroub, seremala, mtu wa maneno machache, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo walimsikia. Alikuja mbio kutoka madukani Darajani, jasho linamtiririka, akakibwaga kiboksi barazani mpaka kikombe cha Mansour kikamwagika.

— Nimeibiwa!

— Na nani? Wapi? Kificho alishasimama.

— Dukani, mchana kweupe, na risiti wamenipa!

Akakitoa kitu chenyewe: kishikwambi kipya, kioo kinang'aa.

— Someni hapa kwenye boksi. Limeandikwa nini?

— Jibii thelathini na mbili, akasoma Mansour.

— Haya, kiwasheni. Mna kumi na tisa! Kumi na tatu zimekwenda wapi? Nikinunua pishi ya mchele, nikifika nyumbani nakuta nusu pishi, nnyamaze?

— Zimekauka, Mansour akasema bila kufikiri. Vitu hivi vinakaa kwenye kontena miezi, joto linavikausha.

— Usitutie ujinga, Injinia, akasema Kificho. Kampuni imejiwekea vitu vyake mle ndani. Ni sawa na mtu akupangishe vyumba vitatu, kimoja akipige kufuli, atie masanduku yake.

— Na kodi nnalipa ya vyote vitatu!

— Ndo hivyo.

— Nimekirudisha. Wananiambia kikishafunguliwa hakirudi. Na yule muuzaji, wallahi, kanitazama machoni akanambia, "Mzee, hichi kitakutosha maisha." Maisha ya nani?

— Tia memori kadi, Abdulla akasema huku anamimina.

— Pa kutia hapana! Nimekigeuza, nimekipapasa, nimekimulika kwa tochi. Tundu ni la chaja tu.

Hasira za Haroub hazikuwa za kishikwambi peke yake. Juu ya vichwa vyao, nyuma ya dirisha lile, mkewe alikuwa kalala wiki ya saba na nyonga iliyovunjika. Bi Tahiya alikuwa mpiga video wa harusi upande wa wanawake, pale mwanamme hagusi mlango. Miaka ishirini na sita alibeba kamera begani, Kiponda, Malindi, Vuga, mpaka Mkokotoni alikuwa akiitwa. Mikanda yote ilishahamishiwa kwenye diski moja nyeusi, kubwa kama sanduku la viatu vya mtoto, iliyokuwa chini ukumbini pamoja na kompyuta. Harusi mia tatu na kitu. Naye ngazi hawezi kushuka. Kinywani kwake lilibaki ombi moja tu: "Haroub, nataka nizione kazi zangu."

Mchana ule, alipogundua kwamba kishikwambi hakitomeza zaidi ya harusi kumi, Haroub alipanda kumwambia achague.

— Nichague nani, nimwache nani? Bi Tahiya alimjibu, akageukia ukutani. Wote wale nimewapiga video mimi, na machozi yao.

Haroub alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja Darajani kugombana.

Sasa alipokuwa akihadithia, akatokea Nadir, fundi wa simu mwenye meza yake mtaa wa pili, mtu wa makamo anayesema polepole. Akakitazama kishikwambi, akamrudishia.

— Kwani kuna haja gani ya kuzitia mle?

— Azitazame wapi, hewani?

— Hasa. Diski iache hukohuko chini. Unaichomeka kwenye ruta, kile kiboksi cha waifai. Bi Tahiya juu anafungua, anaona harusi zote kwenye orodha, anaigusa anayotaka, inacheza. Ndani ya kishikwambi hakiingii kitu, inapita tu.

— Na bando?

— Halitakiwi bando. Haitoki nje ya nyumba.

Haroub akaanza kukirudisha kishikwambi kwenye boksi lake. Lakini Mansour alishakunja uso.

— Ngoja kwanza. Inapita hewani?

— Inapita hewani.

— Basi hewa haina mlango, yakhe! Ikitoka kwenye kiboksi inapanda, inagonga dari, inatoka dirishani. Anapita mtu hapa na simu yake, inamuingilia!

— Bila paswedi haiingii kwa mtu, akasema Nadir.

— Paswedi inazuia mkono, hewa haizuii! Mansour akanyoosha kidole kwenye mapaa. Hoteli ngapi zina madishi huko juu? Yale madishi yanavuta. Yatazinasa. Watalii wamekaa wanakula pweza, mbele yao kwenye televisheni kubwa, dada zetu wanacheza vichwa wazi!

Kificho akakitua kikombe chake. Kisha akawaka.

— Mama yangu yumo mle! Marehemu mama yangu, Bi Kidawa, alikuwa somo, ndiye aliyewafunda nusu ya mabibi harusi wa mji huu. Watu wanakula pweza wanamtazama mama yangu?

— Hakuna pweza, Meya, Nadir akasema. Injinia kajitungia.

— Wewe nyamaza! Haroub, mimi nnakwambia mbele ya watu hawa, hiyo diski ifutwe. Yote. Leo!

— Ifutwe? akauliza Haroub.

— Ifutwe, au itiwe kwenye pipa la maji! akasema Mansour. Heshima za watu si za kuchezea.

— Na mke wangu je?

— Mkeo atapewa redio, akasema Kificho.

Haroub aliliangalia dirisha. Lilikuwa wazi, pazia linapepea, na alijua kila neno limefika juu. Maneno yakaendelea kumiminika: Kificho anataka kuitishwe kikao cha mtaa, Mansour anataka ruta zote za Kiponda zizimwe ikifika magharibi. Hata Abdulla, ambaye kazi yake ni kumimina, akasema shangazi yake naye yumo na lazima aulizwe sheha, mkuu wa mtaa.

Hapo akasimama mbele yao mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mkoba begani, kijasho usoni.

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

— Waalaykum salaam. Marahaba.

— Naitwa Mwanakheir. Nimetumwa na hospitali kumfanyisha Bi Tahiya mazoezi ya mguu, leo ndo siku ya mwanzo. Nimeambiwa mlango ni huu, lakini nimesimama muda, nikaona haya kuwakata maneno.

— Mlango ndo huo, mwanangu, akasema Haroub.

Mwanakheir akapiga hatua mbili, akageuka.

— Samahanini. Hizo video mnazogombania, nani katika nyinyi amewahi kuziona?

Mansour akaangalia kikombe chake. Abdulla akajishughulisha na makaa. Mwanakheir akapanda ngazi.

Haroub akainuka.

— Hamjaona hata moja, akasema. Hata mimi sijaona. Miaka ishirini na sita kaingia majumbani mwenu, kapewa funguo za vyumba walimolala mama zenu. Nani kati yenu alisikia picha moja imetoka? Moja tu! Mimi mumewe nikimuuliza bibi harusi alivaaje, ananambia kavaa nguo. Leo kalala hawezi kujigeuza, ndo mnamuogopa? Mnanambia mimi niitose diski yake kwenye pipa?

Akamgeukia fundi wa simu.

— Nadir, twende ukafunge.

Kazi haikuwa nyepesi. Kuta za nyumba zile ni mawe na chokaa, upana wa mkono mzima, na waifai ilipofika ghorofa ya kwanza ilikuwa ishakata roho. Nadir akaihamishia ruta na diski kwenye kona ya ngazi, na Haroub akaichongea rafu ya mninga siku ileile. Paswedi aliiandika Bi Tahiya kwa kidole chake mwenyewe, amekifunika kioo kwa kanga. Kisha akamtazama mumewe.

— Haya, shuka. Na ukitaka kupanda, piga hodi.

Alhamisi alasiri, habari ishaenea mtaani, wanawake wakaanza kuja kutazama. Mke wa Mansour ndiye aliyetangulia, kabeba hotipoti ya visheti, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama. Akafuata shangazi yake Abdulla, akafuata mke wa Kificho na wifi zake watatu. Viatu vikajaa ngazini. Barazani wanaume walikaa wanashindana kutazama chini.

Juu zikapigwa ngoma za zamani, vikaja vigelegele, vingine vya wakati ule na vingine vya leo, vimechanganyika huwezi kuvitenga. Halafu muziki ukakatika, ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, yenye kukwaruza kidogo, ikimtania bibi harusi: "We mtoto, inua uso wako! Unalia nini, unakwenda Malindi, huendi Bombay!" Na kicheko kirefu, kikipanda na kushuka.

Kificho alisimama. Kikombe kilimponyoka, kikaviringika mpaka mtaroni. Miaka kumi na minane alikuwa hajaisikia sauti ile ya mama yake. Akaangalia mlango, akaangalia ngazi zilizojaa viatu vya wanawake, akajua hapandi.

— Meya, akasema Mansour kwa upole, nkuitie mtu juu?

Kificho akatikisa kichwa. Akarudi kukaa, mgongo kauegemeza ukutani, moja kwa moja chini ya dirisha. Abdulla alikuwa anachochea makaa.

— Abdulla, akasema Kificho. Hebu acha hayo makaa kidogo. Yanapiga kelele.