Raundi Tatu na Konde la Wabwire

Pale Kawangware 56, ukishuka stage ukapita duka la hardware na saluni mbili zinazoshindana kwa redio, kuna benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo Phanice huuza kahawa ya tangawizi kutoka kwa birika linalokaa juu ya jiko tangu asubuhi, na hapo ndipo mabondia waliokufa, waliozeeka na wale ambao bado wana meno yao yote hupiganishwa kila Jumatatu bila ruhusa ya mtu. Sheria inajulikana. Kila bondia analetwa na siku yake nzuri kuliko zote, hakuna kusema eti alikuwa na homa, na birika likiisha kura zinapigwa: anayempa ushindi bondia wa siku hizi anafunika kikombe chake mdomo chini. Mshindi anaandikwa kwa makaa kwenye bati la kibanda cha Phanice. Jina la juu kabisa ni la Wabwire wa Soweto West kule Kibera, mwaka wa 1988, na mvua ikilifuta, Obonyo huliandika tena kabla hajafungua kazi.

Huyu Obonyo ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, ng'ambo ya barabara. Lakini usije 56 ukauliza Obonyo, utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Uliza Raundi Tatu. Mtoto atakuonyesha, mama wa mboga atakuonyesha, hata bango la kazi yake limeandikwa RAUNDI TATU WELDING kwa rangi nyekundu. Jina alilipata kwa sababu ujana wake ulikuwa Kibera, akaingia ulingoni na Wabwire mwenyewe, akakaa naye raundi tatu. Watu wana shamba, wana nyumba ya mawe, wana mtoto aliyesoma. Obonyo ana raundi tatu.

Jumatatu hiyo alikuja benchini na mteja, mama mmoja anayeitwa Lavender, aliyehamia ploti ya nyuma ya soko juzi tu. Alikuwa amempimia mlango.

— Sasa mama, niambie, mlango ufungukie kushoto ama kulia?

— Ngoja kwanza nifikirie kitanda kitakaa wapi, fundi.

— Basi fikiria ukikunywa kahawa.

Lavender akakaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Obonyo hakuwa hata amepuliza kahawa yake Wakili alipopiga goti kofi. Wakili ni Isaac. Alikuwa askari wa geti pale kortini miaka kumi na mmoja, akatoka na koti moja na tabia ya kusimama akizungumza.

— Leo naleta kesi, akasema. Kabiru wa hapa Kawangware, Jumamosi ameangusha mtu wa tisa. Tisa, bana! Namleta na Wabwire.

— Wabwire gani? Obonyo akauliza, ingawa alijua.

— Huyo wa kwa bati.

— Kabiru? Huyu Kabiru wa kupigwa picha akifunga kamba za viatu? Wakili, heshimu watu! Wabwire angemaliza huyo kijana kabla hajajua camera iko wapi!

— Unaona? Ameanza kukasirika na bado sijafungua faili.

Daktari akacheka. Daktari ni Wanzala, anauza mizizi na maganda ya miti pale stage, na hakuna ugonjwa ambao hana maoni juu yake.

— Wakili, wewe hujui mwili, akasema. Hawa vijana wamelelewa na maziwa ya pakiti. Mfupa wa maziwa ya pakiti ni kama biskuti. Wabwire alikula omena na vichwa vyake. Kichwa cha omena kinaenda moja kwa moja kwa ngumi.

— Sema, Daktari! Sema! Obonyo akapiga benchi mpaka tofali likasogea.

— Kwani Kabiru hali omena? Phanice akauliza huku akimimina. Mamake hununua kwa Seline wa samaki kila jioni, mimi namwona.

— Ya siku hizi haina vichwa, Daktari akasema.

— Vichwa vimeenda wapi?

— Hiyo uliza serikali.

Wakili akasimama, akafunga kifungo kimoja cha koti.

— Hebu tuzungumzie vifaa. Kabiru anavaa viatu vyake. Wabwire alivaa viatu vya kuazima, saizi tisa, na yeye mguu wake ni saba. Nani alisema? Si ni huyu huyu Raundi Tatu?

— Aliweka gazeti mbele! Obonyo akafoka. Gazeti! Na bado alikuwa anaruka kushinda huyo wenu! Nyinyi mnataka mtu akose viatu halafu mumhukumu kwa viatu?

— Na stima je? Stima ilikuwa inapotea pale hall ya Kibera. Wabwire alizoea kupigana gizani. Ukimleta leo kwa mataa ya TV, atafunga macho, apigwe.

— Atafunga macho na bado atashinda!

— Tena kuna hewa, Daktari akasema polepole, na kila mtu akajua kwamba sasa mambo yanaharibika. Mimi nimekuwa nikifikiria hii kitu. 1988 hewa ilikuwa tupu. Hakukuwa na network. Konde likitoka, linatembea tu mpaka linafika. Siku hizi hewa imejaa watu wanaongea, kuna bundles, kuna video. Konde linagongana na hayo yote njiani.

— Kwa hivyo la Kabiru pia linagongana, Phanice akasema.

— La Kabiru limezaliwa ndani ya network. Limezoea. La Wabwire ndilo litachanganyikiwa.

Obonyo akamgeukia kama mtu aliyeibiwa mfukoni na ndugu yake.

— Daktari! Kwani uko upande gani? Si umesema omena?

— Omena iko. Lakini hewa ni hewa, bana. Siwezi kudanganya juu ya hewa.

Na Daktari, bila aibu yoyote, akafunika kikombe chake juu ya benchi, kabla hata birika halijaisha. Obonyo alihisi joto likimpanda shingoni. Miaka sita jina lile limekaa juu, leo linatolewa na mtu wa mizizi kwa sababu ya bundles! Aliangalia bati la kibanda. Makaa ya W yalikuwa yamefifia kidogo, na yeye alikuwa ameyapitia asubuhi ile ile.

— Hii ni dharau, akasema. Mnaketi hapa mnakunywa kahawa, hamjawahi kuvaa glavu hata ya kuosha vyombo, halafu mnahukumu Wabwire. Mimi nilikuwa ndani! Nyinyi mlikuwa wapi?

— Hapo sasa, Wakili akasema kwa upole mbaya. Hapo ndipo nilikuwa nangoja tufike.

Akazunguka benchi, akasimama mbele ya Obonyo na kumwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, jinsi alivyoona wenye suti wakifanya kortini.

— Raundi Tatu, wewe una kilo ngapi?

— Hiyo inahusu nini?

— Hamsini na mbili, na hapo umebeba nyundo. Huyu mtu, jamani, mwangalieni vizuri. Namheshimu. Ni jirani, ni fundi mzuri. Lakini upepo ukivuma anashika nguzo. Na mtu huyu alisimama na Wabwire raundi tatu nzima, Wabwire akiwa na siku yake nzuri. Sasa naomba benchi inijibu. Kama Wabwire alishindwa kumwangusha huyu kwa raundi tatu, hilo konde lake lilikuwa la nini? La kupangusa watu vumbi?

Daktari akapiga mluzi.

— Aisee. Kabiru angemaliza Raundi Tatu kwa dakika.

— Nusu dakika, Wakili akasema, akafunika kikombe chake. Kesi yangu nimefunga.

Obonyo alikaza kofia yake kichwani. Alikuwa na majibu ya omena, ya viatu na ya stima, angeweza hata kupata la network akipewa muda. Hili hakuwa nalo, kwa sababu kile walichokuwa wanampigia Wabwire ni kitu alichokitengeneza yeye mwenyewe.

Maana ukweli ni huu, na hakuna aliyeujua pale 56. Mwaka ule Obonyo alikuwa na miaka kumi na tisa, kazi yake pale hall ya Kibera ikiwa kubeba viti. Mpinzani wa Wabwire hakutokea. Watu wakaanza kupiga kelele, na Obonyo, kwa kichwa kigumu cha ujana, akasema yeye ataingia. Akafungwa glavu. Kengele ikalia. Akaona viatu vikubwa vya saizi tisa vikija, halafu akaona taa ya dari, halafu mtu akimmwagia maji usoni na kumuuliza kwao ni wapi. Basi. Hilo ndilo lilikuwa pambano lote. Alipohamia Kawangware, mtu akamuuliza waliendaje na Wabwire, walifika raundi gani, na mdomo wake ukasema tatu. Uongo mwingine unachoka na kufa. Huo wake uliota mizizi, ukapata bango na rangi nyekundu.

Phanice alitingisha birika. Lilisikika jepesi.

— Ni kikombe kimoja tu kimebaki, akasema. Mimi pia nina kura, na kusema kweli Wakili amenimaliza. Raundi Tatu, una neno? Ama nitoe kitambaa nifute hilo jina?

— Usiguse hilo jina! Obonyo aliruka akasimama. Phanice, usiguse! Nyinyi hamna adabu! Wabwire alikuwa... Wabwire angewa...

— Alikuwa nini sasa? Tuambie, Daktari akasema.

Hapo ndipo Lavender, ambaye muda wote huu alikuwa akinywa kahawa yake na kuuona akilini mlango wake ukifunguka huku na kule, aliposafisha koo.

— Samahani, mimi si mtu wa ngumi. Lakini fundi ameniuliza mlango wangu uwe wa kushoto ama kulia, nikaanza kufikiria hiyo kitu. Huyo Wabwire wenu, alikuwa anapiga watu na mkono gani?

— Kushoto, Daktari akasema.

— Kulia, Wakili akasema, saa ile ile.

Wakaangaliana.

— Nani amekuambia kulia?

— Na wewe nani amekuambia kushoto? Mimi najua tu. Mtu wa konde namna hiyo lazima ni kulia.

— Msiniangalie, Phanice akasema. 1988 sikuwa nimezaliwa.

Miaka sita wamempiganisha yule mtu. Wamempeleka Uropa, wamempandisha uzani, wamempa mapacha wawili kwa pamoja, na hakuna aliyejua anatumia mkono gani. Macho yote yakaenda kwa Obonyo, kwa sababu yeye alikuwa ndani.

Ingekuwa rahisi. Aseme kushoto, ama kulia, nani angempinga? Mdomo wake ulikuwa tayari kabisa, ulikuwa na mazoezi ya miaka mingi. Akaangalia ng'ambo, bango lake likimwangalia. Akaangalia bati, na Phanice akiwa ameshika kitambaa. Wangemfuta Wabwire. Wangemfuta kwa sababu ya raundi tatu ambazo Wabwire hakuzihitaji.

— Sijui, Obonyo akasema.

— Hujui aje? Wakili akauliza. Raundi tatu, mtu anakurushia ngumi, na hujui ni ya wapi?

— Nimesema sijui! Sijui kwa sababu sikuuona! Mnasikia? SIKUUONA! Hakuna raundi ya tatu. Hakuna ya pili. Kengele ililia nikaona viatu vyake, halafu nikaona taa. Niliamka taya zote mbili zinauma, siwezi kukuambia ilianza gani. Wiki mbili nilikuwa nakunywa uji! Sasa wewe Wakili, na koti lako, niambie hilo ni konde la kupangusa vumbi? Niambie! Huyo Kabiru wenu, watu wake tisa waliona ngumi ikija, wote tisa, niliangalia kwa simu, mpaka walifunga macho! Mimi sikupata nafasi ya kufunga macho!

Mama wa saluni ya kwanza alipunguza redio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ile ya pili ikashinda.

Daktari ndiye aliyeanza. Akashika kikombe chake, akakigeuza, kikakaa sawa. Wakili akafungua kifungo cha koti, akageuza chake pia.

— Kesi imebadilika, akasema. Sina ushahidi.

Phanice akaweka kitambaa begani. Akaokota kipande cha makaa pembeni ya jiko, akaenda kwenye bati, akaipitia ile W iliyokuwa imefifia, taratibu, mpaka ikawa nyeusi. Kisha akarudi akamimina kikombe cha mwisho na kumpa Obonyo, ambaye alikipokea bado amenuna, kama mtu aliyetukanwa na kila mmoja pale, pamoja na yeye mwenyewe.

— Fundi, Lavender akasema, mlango ufungukie kulia. Kitanda kitakaa kushoto.

— Sawa, mama.

— Lakini ngoja, Daktari akasema. Huyu sasa tutamwita nani?

Wakaangaliana. Wakili alikuna kichwa, akamwangalia Phanice, na Phanice akamwangalia Daktari. Walikuwa wamekaa naye kwa ubao mmoja miaka na miaka, wakala mandazi aliyowanunulia, wakamchangia alipofiwa, na hakuna aliyelijua jina lake.

— Obonyo, akawaambia kwa hasira. Ninaitwa Obonyo.