Mwalimu Clementi Werema na Lithiamu ya Dakika za Mwanzo

Baada ya miaka ishirini na sita ya kushika chaki, Mwalimu Clementi Werema anastaafu tarehe 30 Juni 1980. Angeweza kufundisha miaka mitano zaidi. Mkuu wa Shule ameniagiza niandike kwa furaha, kwa kuwa ni sherehe na soda zimepatikana. Nitajitahidi, ila sifichi kwamba mimi furaha hiyo sina.

Alizaliwa karibu na Butiama, katika familia ya wafugaji Wakatoliki, akaanza kazi Bunda akiwafundisha hesabu watoto wa wakulima wa pamba. Uhuru ulimkuta huko. Mwaka 1964 alihamia kwetu Musoma kufundisha fizikia na kemia, akakuta maabara ni chumba chenye meza mbili na popo. Meza nyingine alizitengeneza mwenyewe na wanafunzi, siku za kazi za kujitegemea, na zinayumba mpaka leo. Useremala haukuwa fani yake.

Kilichomtangaza ni somo ambalo halimo kwenye muhtasari. Likizo ya 1970 alihudhuria mafunzo Dar es Salaam, akarudi na habari za ulimwengu ulivyoanza, ukiwa na joto kali na huku ukipanuka. Akawaita Kidato cha Tatu jikoni kwake, akamwomba mkewe, Mama Marcelina, asonge ugali wa mtama na muhogo, kisha akaagiza sufuria iepuliwe kabla haujaiva. Wakapakuliwa hivyohivyo. Katika dakika chache za mwanzo, aliwaeleza, viini vya haidrojeni viligongana na kuungana vikawa heliamu, na vichache mno vikaendelea hadi lithiamu. Lakini kila kitu kilikuwa kinatawanyika na kupoa, upishi ukakatika hapo. Chuma cha jembe na kalisi ya mifupa yetu vilisubiri nyota, zilizokuja kuwaka baadaye sana. Lithiamu yenyewe haiwezi moto wa ndani ya nyota, huko huvunjika. Kwa hiyo sehemu ya lithiamu tuliyo nayo ni masalia ya upishi ule wa kwanza.

Tatizo ni kwamba kwetu, kumpa mtu ugali mbichi ni kumwambia hukutaka aje. Wiki iliyofuata mzazi mmoja, Mzee Burito, alifika kutoka Bunda na fimbo yake, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Mtoto wangu nilimleta asome," alisema. "Nyie mnamlishaga ugali mbichi, amewakosea nini?"

Mwalimu hakubishana. Alimkaribisha nyumbani kwake Kamunyonge, Mama Marcelina akasonga mwingine, ulioiva, akaupakua kwa samaki, sato, na wakila Mwalimu akamweleza somo lile. Mzee alipoondoka alisema mambo ya nyota ameyaelewa, ila ugali ule wasirudie.

Mwaka 1973 Mama Marcelina aliugua. Siku kadhaa alikuwa halali, anaongea bila kupumzika, anawagawia wapita njia vyombo vya ndani. Kisha wiki nzima hainuki kitandani. Watu walisema mengi, na baadhi yetu humu ofisini tulisema pia. Daktari wa misheni akamwanzishia vidonge, akawa anampima damu mara kwa mara. Vidonge hivyo vilikuwa chumvi ya lithiamu. Mwalimu aliposoma jina kwenye kopo alilia mbele ya daktari, na hakuona aibu kunisimulia. Mama akapata nafuu, akarudi kuongoza kwaya ya kanisa. Miaka sita nyumba yao ilikuwa nyumba kama nyingine.

Mwaka jana daktari alirudi kwao, na yeye ndiye aliyekuwa akiileta dawa. Siku hizi madukani hata sabuni hatuipati, sembuse dawa hiyo. Vidonge viliisha Februari. Mwalimu ameulizia Mwanza, ameulizia Dar es Salaam, jibu ni lilelile. Mama amerudi kulekule. Mwezi Machi alikutwa Bugwema, mbali na mji, peku, hajui amefikaje. Tangu hapo Mwalimu anafundisha sikio likiwa dirishani, asije akaitwa asisikie.

Ndiyo maana anaondoka. Anampeleka Butiama kwa ndugu, kwenye macho mengi ya kumwangalia. Kidato cha Nne wanabaki bila mwalimu wa fizikia, mtihani unakaribia, na hakuna hata mmoja wao aliyelalamika. Inaniuma kuwaona wakimbebea mizigo.

Juzi nilimuuliza atafanya nini dawa isipopatikana.

"Nitakaa naye," alinijibu. "Siku nyingine hanijuagi. Nikae karibu, ili akinijua tena, anikute."

Mwalimu Werema, shule inakushukuru kwa kila kipindi, na kwa watoto uliowafanya waulize mambo ambayo sisi wengine hatukuwa na majibu yake. Dawa ikipatikana, tuletee habari siku hiyohiyo. Tunawatakia nyinyi wawili siku za utulivu, hata zikiwa chache.