Shangazi na Doa Lililokataa Kutulia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya fizikia, Shangazi anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa aliwagombeza kama shangazi na kuwatetea kama shangazi. Siku hizi hata mkuu wa idara analitumia, tena vikaoni.

Kazi yake kubwa iko chini ya ngazi za maabara: mashine ndogo inayozipa elektroni kasi ndani ya bomba lisilo na hewa. Aliijenga na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kundi baada ya kundi, kwa sumaku za umeme walizozisuka wenyewe. Mwale wa elektroni ukifika mwisho wa bomba hupiga kioo na kuacha doa la kijani. Wanafunzi hulipima doa hilo, na utafiti wao wote umo humo.

Mwaka juzi doa lilianza kuhama. Wanafunzi wakiwa peke yao linatulia. Wakaguzi wakija na Shangazi, linayumba. Uongozi ukasema mashine imechoka, chumba kiwe stoo. Wanafunzi wanne wangebaki bila utafiti wa kumalizia shahada. Shangazi alikuja juu! Aliomba muda hadi mwisho wa muhula, akakunja mikono ya shati, akaanza nao upya: umeme, pampu, sumaku moja moja. Neno lake lilikuwa lile lile, pimeni tena.

Hatimaye mmoja wao, binti mpole aliyeogopa hata kuuliza swali darasani, aligundua kwamba doa huhama Shangazi akiwapo tu. Tatizo lilikuwa kiti chake kipya cha chuma, alichokiburuta kutoka ofisini kila alipokuja na kukiegesha kando ya bomba ili awasimamie vizuri. Chuma kile kilivuruga nguvu za sumaku.

Shangazi alikibeba kiti mwenyewe hadi uani, akarudi, akawaambia wapime tena. Doa likatulia tuli. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaamuru kosa hilo liandikwe kwenye ripoti na mwenye kiti atajwe.

Wanne wale walihitimu. Mashine inafanya kazi, na kuanzia Julai binti yule ndiye atakayeisimamia.

Shangazi, tunakushukuru kwa ukali wako na kwa kutokata tamaa juu yetu. Tutakukumbuka sana. Kapumzike kwa afya na furaha, ingawa mumeo anahofia sasa utaanza kumpima yeye. Wanafunzi wamekuchongea kigoda cha mbao, kiko kando ya bomba. Wamekijaribu, wakapima, wakapima tena. Njoo uketi siku yoyote. Hakina hata msumari.